Riviu ya EPANET 2.2: inapima vizuri uhakika wa mtandao wa maji, ila settings zake za mwanzo zitakudanganya

Naanza na jibu ili mwenye haraka aende zake. Kama kazi yako ni kujua mtandao wa mabomba unategemeka kiasi gani, yaani siku bomba kuu likipasuka au pampu ikizima nani bado atafungua koki apate maji na nani ataambulia upepo, basi programu ya EPANET 2.2 inakutosha kabisa kuanzia. Ni bure, haina mambo ya leseni ya kufukuzana nayo kila mwaka, na hesabu zake za presha zinaaminika mpaka programu nyingi za kulipia zimejengwa juu ya injini hiyo hiyo. Ila ukiifungua, ukachora mabomba yako, ukabonyeza kitufe cha kuendesha bila kugusa settings, itakudanganya, na uongo wenyewe utatoka na majedwali na ramani za rangi kiasi kwamba bosi ataupenda. Kwangu ni nyota nne kwa tano, na ile moja niliyoibania ndo nitaieleza kwa kirefu.

Kwa wasioijua: hii kitu ni ya EPA, wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani. Toleo la kwanza lilitoka 1993, jina utakaloliona kwenye manual ni la Lewis Rossman, toleo la pili likaja 2000 afu likakaa miaka na miaka bila mabadiliko ya maana, mpaka 2020 ndo ikatoka 2.2 baada ya watu wa Open Water Analytics, ambao wengi wanajitolea tu, kuifanyia kazi wakishirikiana na EPA wenyewe. Kwa hiyo ukiiona na sura yake ya kizamani usishangae, dirisha lake ni lile lile la zamani la Windows, vitufe vidogo, rangi za kijivu. Injini ndani imeandikwa kwa lugha ya C na inakimbia hata kwenye kompyuta iliyochoka.

Unachoilisha ni kawaida: makutano ya mabomba na mwinuko wa kila moja, matumizi ya maji pale, urefu na kipenyo cha kila bomba na ukwaruzo wake wa ndani, matanki, pampu na mkunjo wake wa utendaji, valvu za kupunguza presha kama zipo. Yenyewe inatumia njia ya hesabu iliyowekwa na Todini na Pilati mwishoni mwa miaka ya 1980, inatafuta presha zote na mtiririko wote kwa pamoja, inarudia mpaka namba zitulie. Mtandao wa kawaida inamaliza kabla hujatoa mkono kwenye mausi. Upotevu wa presha unachagua fomula mwenyewe, Hazen-Williams, Darcy-Weisbach au Chezy-Manning, watu wengi wa maji wanabaki na ya kwanza na haina shida.

Niseme la dirisha nimalizane nalo. HAINA KITUFE CHA KURUDISHA NYUMA. Ndio, umesoma vizuri, ukifuta bomba kwa bahati mbaya limeenda, labda uwe umeseivu. Ramani ya nyuma inapokea picha za aina za kizamani tu, na kuchora mtandao mkubwa kwa mkono humo ndani ni adhabu ambayo hujaitendea kosa. Wenye akili zao wanachora kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kwa plagini kama QGISRed au Giswater afu wanatoa faili la inp. Na hilo faili la inp ndo kitu bora kuliko vyote humu, maana ni maandishi matupu, unalifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, unaona sehemu ya mabomba, sehemu ya makutano, sehemu ya matanki, unarekebisha kipenyo kwa mkono, unamtumia mwenzako, miaka kumi baadae bado litafunguka. Programu za kulipia zenye mafaili yao ya siri haziwezi kukupa hiyo amani.

Sasa twende kwenye uongo wenyewe.

EPANET ukiiacha ilivyo inahesabu kwa kudhani kila mteja anapata maji yake yote, presha iwe ipo isiwepo. We umeandika pale makutano namba fulani yanachukua lita 3 kwa sekunde, basi yatachukua lita 3 hata kama bomba linaloyalisha limefungwa nusu na pampu imekufa. Ni kama mwenye duka anaandika kwenye daftari kauza mikate yote wakati rafu ni tupu tangu asubuhi. Matokeo yake unaona presha hasi, mita 18 chini ya sifuri (presha hapa inapimwa kwa mita za kimo cha maji), onyo moja la presha hasi linatokea kwenye ripoti, na ukienda kwenye safu ya matumizi unakuta lita 3 zimetolewa kama kawaida! Kwa mtu anayesanifu mtandao mpya wenye presha ya kutosha hilo halimsumbui. Lakini we unataka kujua nini kinatokea siku ya balaa, na siku ya balaa ndo siku hasa ambayo hiyo dhana inavunjika. Nimeona watu wanaripoti eneo zima limekosa maji kwa sababu presha ilitoka hasi, kumbe kiuhalisia maeneo ya chini yangepata maji kidogo na ya juu ndo yangekauka, na kwa kuwa wa chini wanachukua pungufu, presha isingeshuka kiasi kile. Yaani hiyo njia inakosea pande zote mbili, inatia chumvi kwenye ukubwa wa tatizo na hapo hapo inasema kila mtu kahudumiwa.

Toleo la 2.2 ndo lilileta dawa, nayo ndo sababu kuu ya kuachana na 2.0 kama bado unayo. Kuna hesabu inayotegemea presha. Unaipa presha mbili: ya chini kabisa ambayo hapo mteja hapati kitu, na ile inayotakiwa ambayo mteja anapata maji yake yote. Katikati ya hizo mbili maji yanapungua kwa mkunjo, kwa kawaida kipeo ni nusu, yaani kipeuo cha pili. Tuseme unataka mita 20 na chini kabisa ni sifuri: mteja mwenye presha ya mita 10 anapata kama asilimia 71 ya maji yake, mwenye mita 5 anapata nusu kamili. Hiyo ndo picha ya kweli ya koki inayochuruzika, haijakauka ila haijazi ndoo haraka.

LAKINI. Ukiiwasha hiyo hesabu na kuondoka, presha inayotakiwa imewekwa 0.1. Sifuri nukta moja jamani. Maana yake mteja akiwa na presha ya kulowanisha kidole tu programu inahesabu kahudumiwa kikamilifu, na umerudi kule kule ulikokimbia. Naelewa kwa nini waliweka hivo, hawawezi kujua kanuni za kila mahali zinataka mita ngapi, ila angalau wangeweka onyo. Kwa hiyo nenda kwenye machaguo ya haidroliki, badilisha aina ya hesabu, afu weka presha inayotakiwa kwa mujibu wa kanuni zinazokuhusu. Na angalia vipimo: ukiianza programu inakuja na galoni kwa dakika, na ukibadilisha kwenda lita kwa sekunde namba ulizokwisha kuandika hazigeuzwi, zinabaki zile zile na maana mpya. Mtu aliyeandika kipenyo kwa inchi afu akabadilisha vipimo ana bomba kuu la milimita 8.

Mtego mwingine wa jamii hiyo hiyo ni muda. Muda wa kuendesha unakuja ukiwa sifuri, yaani inapiga picha moja ya papo hapo tu. Uhakika wa mtandao hauonekani kwenye picha moja, kwa sababu kitu kinachookoa watu umeme ukikatika ni tanki, na tanki linakauka kwa masaa. Weka masaa 24 kwa uchache, mi napenda 72 ili nione kama tanki linajaa tena baada ya tatizo au linaendelea kushuka siku hadi siku.

Hapo kwenye tanki acha nikae kidogo maana ndo EPANET inapong'aa. Chukua tanki la kipenyo cha mita 12, maji yanayotumika ni kina cha mita 4, hiyo ni kama mita za ujazo 452. Eneo linatumia wastani wa mita za ujazo 60 kwa saa. Kwenye karatasi utasema tanki linabeba masaa 7 na nusu, umeme ukikatika masaa 6 tuko salama. Sasa weka mpangilio wa matumizi wa saa kwa saa, asubuhi watu wote wanaoga na kufua, mara 1.8 ya wastani, ni 108 kwa saa, tanki lililojaa linakwisha ndani ya masaa manne na kidogo. Na nani kakuambia asubuhi tanki limejaa? Kama lilikuwa nusu, masaa mawili tu. Usiku wa manane, matumizi yakiwa asilimia 40 ya wastani, pampu ikizima masaa hayo hayo 6 hakuna hata anayejua. Kwa hiyo swali la tanki letu linatosha masaa mangapi halina jibu moja, lina jibu la saa ngapi pampu ilizima na tanki lilikuwa wapi. EPANET inakupa hilo kwa mistari miwili kwenye sehemu ya udhibiti, unaiambia pampu ifungwe saa 8 za tangu kuanza na ifunguliwe saa 14, unaendesha, unaangalia grafu ya kina cha tanki. Afu unahamisha muda mbele, unaendesha tena.

Kupasua mabomba nako rahisi, unachagua bomba, unalifunga, unaendesha, unaona nani kapungukiwa. Kama kuna makutano yamebaki bila njia yoyote ya kufikiwa na maji inakuambia yamekatika. Shida ni kwamba kufunga bomba moja kwenye skrini sio kinachotokea mtaani. Mtaani bomba likipasuka mafundi wanatafuta valvu, na wanafunga zile zinazofungika. Kama valvu iliyo karibu imeshikwa na kutu au imefunikwa na lami wanaenda ya mbali zaidi, na eneo lote lililo kati ya valvu zilizofungwa linakauka, sio kipande kimoja. EPANET haina habari na valvu za kufungia, ukitaka uziweke unalazimika kuigiza kwa vipande vifupi vya bomba na inachosha. Kwa upimaji wa uhakika hili ni pengo kubwa, maana mitandao miwili yenye mabomba sawa kabisa inaweza kutofautiana mno kwa sababu tu mmoja una valvu nyingi zinazofanya kazi na mwingine una valvu tatu mji mzima na mbili hazijulikani ziko wapi.

Na pengo kubwa kuliko lote: EPANET haijui bahati. Inajua presha, haijui bomba linapasuka mara ngapi wala ukarabati unachukua siku ngapi. Uhakika ni mchanganyiko wa vyote viwili, na hesabu ya upande wa pili sio ngumu, unaweza kuifanya kwa kikokotoo. Muda wa wastani kati ya hitilafu, gawanya kwa huo muda ukijumlisha na muda wa kukarabati, unapata sehemu ya muda ambayo bomba linafanya kazi. Chukua laini moja ndefu isiyo na mzunguko, vipande 50 vimefuatana, kila kipande kinapasuka kwa wastani mara moja kila miaka 4 na mafundi wanachukua siku 2 kurudisha maji. Kipande kimoja peke yake kina 0.9986, mtu anasema safi sana. Zidisha vipande vyote 50 unapata kama 0.934, yaani mtu wa mwisho wa laini hana maji siku 24 hivi kwa mwaka. Sasa usibadilishe bomba hata moja, punguza tu muda wa ukarabati kutoka siku 2 hadi nusu siku, zinabaki siku 6 hivi. Hakuna bomba jipya lililonunuliwa hapo! Ni stoo yenye vifaa, gari lenye mafuta, na mtu anayepokea simu usiku. Na hii haitokei kwenye skrini yoyote ya EPANET hata ukae nayo mwaka.

Mtu atasema basi tujenge laini ya pili sambamba, siku 24 zishuke mpaka siku moja na nusu. Kweli kwenye karatasi inashuka hivo, kama laini mbili hazitegemeani, hazinyonyi kwenye pampu moja, na kila moja inaweza kubeba mzigo wote peke yake. Hilo la tatu ndo unarudi EPANET kuuliza. Mabomba mawili sawa yaliyokuwa yanagawana maji, moja likikatika lile lililobaki linapitisha mara mbili, na kwa Hazen-Williams upotevu wa presha unapanda kama mara 3.6. Ulikuwa unapoteza mita 10 njiani, sasa unapoteza 36. Kama ulikuwa na akiba ya mita 15, laini ya pili ipo kwenye ramani ila siku ya tatizo haikuokoi, inakupa maji pungufu. Watu wengi wanaangalia ramani wanaona mzunguko wanasema mtandao wetu una njia mbadala, bila kuuliza hiyo njia ina kipenyo gani.

Kwa hiyo mi siiuzi EPANET peke yake, naiuza pamoja na WNTR. Hii ni maktaba ya Python (lugha ya kuandikia programu) iliyotengenezwa na Sandia National Laboratories, maabara ya utafiti ya taifa ya Marekani, pamoja na EPA, bure pia, na inasoma faili lako la inp moja kwa moja. Kwanza inakuruhusu kufunga bomba moja moja kwa kitanzi, bomba la kwanza funga endesha andika, la pili funga endesha andika, mpaka mabomba yote yaishe. Mfano unaokuja nao unaitwa Net3, una mabomba 117, pampu 2, matanki 3 na vyanzo viwili, kuyafunga yote kwa mkono kwenye dirisha ni jioni nzima ya kubofya na lazima utakosea moja, kwa Python unakwenda kunywa chai unarudi una orodha ya mabomba yaliyopangwa kwa wingi wa maji yanayokosekana. Hiyo orodha peke yake inastahili kuwa kwenye ukuta wa ofisi yoyote ya matengenezo.

Pili, ina mambo ya valvu niliyolalamikia hapo juu. Unaiambia valvu ziko wapi, inagawanya mtandao kwenye vipande vinavyofungwa pamoja, kwa hiyo unapasua kipande sio bomba. Tatu ina uvujaji wa kweli, unaweka tundu lenye eneo fulani linaloanza saa fulani na kuzibwa saa fulani. Tundu la sentimita moja ya mraba kwenye presha ya mita 30 linamwaga kama lita 1.8 kwa sekunde, hiyo ni mita za ujazo zaidi ya 150 kwa siku kutoka kwenye kitundu kisichofika ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kwenye EPANET yenyewe unaigiza uvujaji kwa vitoa maji vya kwenye makutano, inawezekana, ila kupanga muda wa kuanza na kuzibwa ni usumbufu.

Kasoro za WNTR ni kwamba hakuna dirisha, ni kuandika kodi, na mtu ambaye hajawahi kugusa Python atapata tabu wiki za mwanzo. Ndani vipimo vyote ni mita na mita za ujazo kwa sekunde, kwa hiyo lita 3 zinaonekana 0.003 na macho yanachoka. Kihesabio chake chenyewe kinajua Hazen-Williams peke yake na hakifanyi ubora wa maji, ukitaka hivyo unaiambia itumie injini ya EPANET. Na presha inayotakiwa huko nako inaanza na namba ndogo isiyo na maana, 0.07 ya mita, ni ule mtego wa 0.1 umevaa nguo nyingine. Badilisha!

WNTR pia inakupa vipimo vya jumla, na hapa nina neno. Maarufu ni kile cha Todini cha mwaka 2000, kinaangalia nguvu ya ziada iliyopo kwenye makutano ukilinganisha na nguvu inayoingia kwenye mtandao ukitoa ile inayohitajika, unapata namba moja na kwenye mtandao unaokidhi presha inakaa kati ya sifuri na moja. Washauri wanaipenda kwa sababu namba moja inakaa vizuri kwenye slaidi. Ila mtandao wa matawi matupu, usio na mzunguko hata mmoja, ukiwekewa mabomba manene una presha ya ziada kila mahali na unapata namba nzuri tu, wakati bomba moja tu likikatika kila aliye mbele yake anakauka. Itumie kulinganisha machaguo mawili ya mtandao huo huo, usiitumie kumwambia mtu mtandao wake uko salama. Mi naamini zaidi kipimo cha kijinga kabisa, maji yaliyofika gawanya kwa maji yaliyotakiwa, kwa kila makutano kwa kila saa, maana hicho hata mwananchi anakielewa.

Vitu ambavyo hii familia yote haifanyi, ujue mapema. Haioni mshtuko wa maji, ile presha inayoruka pampu ikizima ghafla au mtu akifunga valvu kubwa kwa pupa, na hiyo mara nyingi ndo inayopasua mabomba kwanza. Kwa hilo kuna TSNet, Python nyingine ya bure, au programu za kulipia. Pia inadhani mabomba yamejaa maji muda wote. Kama mtandao wako unatoa maji kwa mgao, mabomba yanakauka na kujaa kila siku na hewa inatangulia kwenye mita, EPANET haiwezi kuigiza huo ujazaji, kuna watu wanatumia programu ya mifereji ya SWMM kwa kazi hiyo na ni ujanja mzuri. Bado unaweza kutumia hesabu ya kutegemea presha kwa yale masaa ambayo mabomba yamejaa, na hapo inasaidia kuona nani ananyonya yote na nani mwisho wa laini hapati, ila usiandike kwenye ripoti kwamba umeigiza mgao.

La mwisho kubwa ni data, na hapa programu haina kosa. Ukichukua ukwaruzo wa bomba jipya, C ya 130 (kwenye Hazen-Williams C ikiwa kubwa ukwaruzo ni mdogo), wakati bomba lako la zamani limeshafika 100, umepunguza upotevu kwenye modeli kwa kiasi kikubwa, uhalisia ni kama mara 1.6 ya unachokiona. Kutu ikipunguza kipenyo kwa asilimia 10 tu, ongeza tena karibu mara 1.7 juu yake. Zidisha hizo mbili uone. Halafu kuna valvu iliyofungwa nusu tangu ukarabati wa zamani na hakuna anayekumbuka, kwenye modeli iko wazi kabisa, kwenye ardhi ndo inayowatesa watu wa mlimani. Kabla ya kuuliza habari za uhakika, pima presha sehemu kadhaa mchana wa matumizi makubwa, fungua haidranti ili mtiririko uwe mkubwa na tofauti zionekane, linganisha na modeli. Usiku kila modeli inaonekana sahihi kwa sababu maji hayatembei na hakuna kinachopotea njiani. Modeli ambayo haijalinganishwa na geji za uwanjani inakupa tu maoni yako mwenyewe kwa desimali mbili.

Kama una hela na mtandao mkubwa unaounganishwa na mfumo wa ramani na wa bili, za kulipia zina raha zake, kurudisha nyuma kupo, msaada wa simu upo, kusimamia matoleo mbalimbali ya tatizo ni rahisi zaidi. Ila majibu ya presha hayatakuwa bora kwa sababu umelipia.

Wa Mac na Linux: lile dirisha ni la Windows tu, usihangaike kulilazimisha, weka Python, andika pip install wntr, injini ya EPANET inakuja humo humo ndani na Net3 ya kujifunzia ipo tayari. Anza kwa kufunga mabomba yake moja moja ukiwa umeweka presha inayotakiwa ya maana, afu rudia ukiwa umeiacha ile ya mwanzo. Weka orodha mbili kando kwa kando uone ni mabomba mangapi yametoweka kwenye ya pili.